Sifuri Nukta Sita

Aminieli kashuka Mweka jana, magoti bado yanamcheza,
na leo kasimama mbele ya meza yangu hapa Kiborloni,
kati ya rundo la makoti ya mitumba na muuza soksi,
ananikabidhi kitu kilichofungwa kwenye leso.
“Sigara ya umeme, fundi. Mgeni wangu kanipa.
Siku sita nimembebea begi, na choo chake pia.”
Haiwaki. Au inawaka, inazima, inawaka,
kama mtu anayetaka kusema neno kisha anaona haya.

Mimi natengeneza redio, pasi, chaja za simu.
Hiki sijawahi kukifungua.
Lakini umeme hauna kabila:
unatoka, unapita, unarudi kwao.
Usiporudi, ujue mahali fulani daraja limekatika.

Naanza na betri, maana uongo mwingi huanzia kwenye betri.
Nzima. Volti tatu nukta tisa.
Nafungua tangi, inanipiga harufu ya embe
ambalo halijawahi kuning’inia mtini.
Nyuzi za kufungia zimejaa ute mweusi;
nazifuta kwa spiriti na kipande cha fulana.
Nafunga. Kioo kinasema hakioni kitu.

Nachomoa pamba, rangi ya chai iliyolala.
Ndani yake koili, waya umejizungusha mara saba,
miguu miwili chini ya skrubu mbili:
mmoja umebanwa, mwingine umeegemea tu.
“Huu hapa!” nasema. Najisifu mapema.
Nakaza, polepole, skrubu yenyewe kama punje ya ulezi,
ukiilazimisha meno yanalika.
Mita: sifuri nukta sita. Moja nukta mbili.
Sifuri nukta tatu. Hakuna.
Panzi huyu.

Muuza soksi anasema, kipige kidogo.
Kwake yeye kila kitu hupigwa kidogo.

Aminieli haulizi bei. Anauliza,
“Kilikuwa kibovu toka mwanzo?”
Subiri, namwambia.
Anarudia, kwa sauti ya chini:
“Yaani pale getini, wenzangu wote wanatazama,
ananikumbatia, ananiwekea mkononi,
alijua?”

Ndipo nikaelewa nimeletewa nini nipime.

Nageuza tangi kichwa chini. Katikati ya kitako
kuna pini ya shaba, ilipaswa kuchomoza
iguse kichwa cha betri. Imezama.
Plastiki inayoizunguka imeyeyuka upande.
Na juu ya pini, imekunjwa mara nne kwa ustadi,
karatasi ya fedha ya chokoleti.

Mtu alikaa hemani usiku, tochi kwenye paji la uso,
akaikunja hii kwa kucha.
Ikamfaa siku moja, labda mbili,
kisha ikamkatalia.

Nampa Aminieli mgongo, kana kwamba natafuta mwanga.
Karatasi naitia mfukoni.
Kwenye redio iliyokufa mwaka juzi, mwenyewe hajaifuata,
nakata kipete cha plastiki ngumu, naivisha pini,
naivuta nje kwa koleo, unene wa ukucha.
Nafunga. Sifuri nukta sita.
Nangoja. Sifuri nukta sita.
Natikisa mpaka muuza soksi anacheka. Sifuri nukta sita.

“Ni baridi,” namwambia. “Kule juu chuma hujikunja,
pini ikazama. Alipokupa kilikuwa kizima.”
Mabega yake yanashuka
kama aliyetua kilo ishirini kambini.
Havuti, wala hajawahi kuvuta.
Nilidhani atakiuza kwa vijana wa Soweto.
Anakirudisha kwenye leso, anakitia ndani ya shati,
anatoa elfu tano, anakataa chenji.

Jioni, nikitafuta ufunguo wa kibanda,
vidole vinakutana na ile fedha.
Naikunjua mezani. Naigusisha mita,
mazoea tu ya mkono.
Inapitisha umeme vizuri kabisa.